Soli ya Katambuga Niliyoing'oa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Neno hilo alilianzisha mkuu wa shule siku ya kuniaga. Alisema, "Leo tunamstaafisha Anti Upendo," na wanafunzi wakapiga makofi kana kwamba nimefikisha sitini na nina wajukuu. Kwa miaka tisa, kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, nilishinda na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili katika sekondari moja ya kata juu ya Malindi, hii yetu ya Lushoto, tukibuni vitu na kuvitengeneza kwa mikono. Sasa shule imepata mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na mimi nimehamia Kwai, nafuga ng'ombe wawili na ninalala vizuri. Ninyi mnaotaka kuanzisha vikundi vya namna hii mmeniomba niwaandikie ninachojua. Nimeianza barua hii mara sita nikaichana. Hii ya saba nimeapa sitaisahihisha.

Kwanza mjue kwamba mimi sikusomea kazi hii popote. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani na kitabu cha fizikia kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Mpaka leo sijui kinaanza na nini. Mengine nilijifunza kwa Fundi Hoza, seremala wa Lushoto mjini. Nilisimama mlangoni pake siku tatu nikitazama anavyofanya kazi, na siku ya nne akaniambia, "Binti, kama ni kutazama tu, basi tazama huku unafagia." Nikafagia maranda miezi miwili kabla hajanipa msumeno.

Kwa kuwa sikuwa na cheti, niliishi na hofu kwamba siku moja mtu atasimama mbele ya wazazi na kuuliza, "Na huyu naye ni nani?" Ndiyo maana nilitaka kila kinachotoka katika chumba chetu kiwe kimenyooka. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya majembe, mlango wake haufungiki hadi uunyanyue kidogo. Nilikuwa nikishaufunga narudi kuujaribu. Nikifika getini narudi tena.

Basi niwape yale machache ya mikono, kabla sijafika kwenye lile linaloniuma.

Anzeni na mabua ya mahindi. Hayauzwi, yanakatika kwa wembe, na mtoto akikosea anaokota jingine. Gundi ni uji wa unga wa ngano, uive mpaka ung'ang'anie kijiko. Msitie chumvi. Mwaka wa kwanza mtu alitia chumvi, sijui alidhani ni chakula, na panya wakala daraja zima wakaacha nguzo mbili. Kila kundi lipewe kisu kimoja tu. Visu vikiwa viwili wanafanya kazi bila kuzungumza, na kazi ya kubuni bila kuzungumza haifiki mbali.

Madaraja ya mabua tulikuwa tunayapima kwa kuyapandishia madaftari, moja baada ya jingine, mpaka yavunjike. Mwaka wa kwanza watoto walilia. Nikatafuta namna. Mwaka wa pili nikawaambia kila kundi litabiri, kabla ya kupima, daraja lao litavunjikia wapi, na anayetabiri sawasawa ndiye mshindi hata kama daraja lake ndilo dhaifu kuliko yote. Kilio kiliisha. Wakawa wanashangilia likivunjika pale walipochora alama, wanakumbatiana, "Nilisema! Nilisema!" Walimu wa vyumba vya jirani walidhani tunacheza mpira ndani.

Halafu simu zikaingia. Watoto wakawa wanakuja na video walizoziona kwa kaka zao, na kila kundi linataka kujenga cha kwenye video. Kuna kundi lilitumia wiki tatu kwenye mtambo wa upepo wenye mabawa ya madumu ya mafuta. Ulikuwa mzuri sana, mimi mwenyewe niliusifu. Siku ya kuusimamisha nyuma ya jiko, mpishi wa shule akatoka na mwiko mkononi, akautazama, akautazama mlima ulioukinga mbele na mwingine uliokuwa nyuma yake.

"Na huo upepo," akauliza, "utatoka wapi?"

Watoto wakanitazama mimi.

"Pelekeni Mtae," akasema mpishi. "Kule upepo unang'oa mabati. Hapa utafaa kuanikia mboga tu."

Akaanikia mboga kweli. Tangu siku hiyo nikaweka utaratibu: mchoro wowote, kabla msumari wa kwanza haujapigwa, unapelekwa jikoni, na mchoraji anamweleza mpishi kitu hicho ni cha nani na kitasimama wapi. Yule mama aliokoa mbao nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Sasa nifike kwenye langu.

Nilikuwa na tabia ambayo hakuna aliyeijua. Watoto wakishaondoka, nilibaki stoo nikirekebisha kazi zao. Nilianza na vitu vidogo: msumari uliopinda nauchomoa napiga mwingine, gundi iliyovuja naikwangua. Baadaye nikawa nafungua viungo vizima na kuvifunga upya. Nilijiambia nawasaidia. Wageni wakija wanasema, "Watoto wenu wana mikono!" nami nashusha macho kwa unyenyekevu, huku najua mikono waliyoisifu ni ya nani. Jumanne watoto wanakuta daraja lao limenyooka, wanashangaa kidogo, wanaendelea. Mmoja aliwahi kusema, "Anti, vitu vyetu usiku vinapona." Nikacheka nao.

Mradi ulionikomesha ulitokana na magoti ya bibi mmoja. Bibi huyo alikuwa akilima nyanya kwenye matuta ya juu, na mjukuu wake, Hadija, alikuwa kidato cha pili kwetu. Gari la mboga linasimama barabarani chini, na kati ya shamba na barabara kuna mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa kufikiri. Bibi alikuwa anashusha nyanya kwa kichwa, tenga baada ya tenga, na magoti yalishaanza kumkatalia. Hadija hakuwa msemaji. Siku niliyowaambia walete tatizo la nyumbani kwao, aliweka mchoro mezani akasema sentensi moja tu: "Tenga lishuke lenyewe, Bibi ashuke mikono mitupu."

Mchoro ulikuwa hivi. Waya mbili nene zinatoka juu shambani hadi kwenye nguzo karibu na barabara. Tenga lililojaa linaning'inia kwenye waya mmoja kwa vigurudumu, na tupu kwenye mwingine. Matenga hayo mawili yameunganishwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa mara tatu kwenye rimu ya baiskeli iliyofungwa juu. Lililojaa likishuka, linalivuta tupu kupanda. Ili lisishuke kama jiwe, kuna breki: mpini unaousukuma, na kipande kinachoibana rimu. Mpishi aliuangalia mchoro muda mrefu, akauliza kama na yeye anaweza kupanda. Tukajua umepita.

Wakajenga mwezi mzima. Kipande cha kubania rimu Hadija alikileta kutoka kwao: soli ya katambuga, zile ndala za tairi la gari, imelika upande mmoja, ina matope ya miaka. Akaikata kwa kisu kimoja cha kundi akaipigilia kwenye mpini kwa misumari minne, miwili imepinda. Juu yake wakafunika kisanduku cha mbao ili vidole visiingie. Tulijaribu kwa mawe, jua likiwaka. Tenga lilishuka taratibu kama mtu anayekwenda kusalimia wakwe.

Jaribio la nyanya lilipangwa Jumamosi asubuhi, mbele ya wazazi. Ijumaa mchana mkuu wa shule akaniambia atakifungua kile kisanduku awaonyeshe wageni kilichomo. Watafungua kisanduku, wataona kiatu. Kiatu kichafu! Watoto walipoondoka nikang'oa ile soli nikaitia kwenye mkoba wangu, na mahali pake nikaweka kipande cha mvule nilichokipiga msasa hadi kikawa laini kama shavu, nikakipaka vanishi tabaka mbili. Nikakijaribu kwa mkono. Rimu ilibanwa vizuri. Nikafunga kisanduku kwa skrubu, nikaenda nyumbani, na siku hiyo sikurudi hata kuujaribu mlango.

Jumamosi tukaamka na ukungu. Ninyi mnaujua ukungu wetu: unaweza kumpa mtu mkono usiujue uso wake. Kila kitu kilikuwa kinadondosha maji, waya, kamba, rimu, pua za wageni. Mkuu wa shule akasema kisanduku tutakifungua baadaye. Bibi mwenyewe akaja na tenga la nyanya zilizoiva. Chini barabarani Shabani, mcheshi wa darasa, alishawaambia watu wote wakae mbali na nguzo, kama tulivyokubaliana.

Hadija akashika mpini. Wenzake wakaliachia tenga.

Lilikwenda hatua tatu kwa adabu. Kisha likakimbia. Hatukuliona, ukungu ulilimeza papo hapo, tulisikia tu vigurudumu vikipiga mluzi, na tenga tupu likaibuka kutoka chini likija juu kama jogoo anayefukuzwa, likagonga kisanduku cha breki kikapasuka vipande. Chini pakasikika mshindo. Kisha sauti ya Shabani ikapanda mlimani:

"Kachumbari tayari! Leteni vitunguu!"

Watu wakacheka. Nani asingecheka? Hadija hakucheka. Alikuwa bado ameukandamiza mpini kwa mikono miwili.

"Nimebana," aliniambia. "Anti, mimi nimebana."

Na mimi, nisikilizeni vizuri hapa, nilipiga magoti nikaokota vipande vya kisanduku haraka kabla mtu hajasogea, nikakificha kile kipande cha mvule kwenye mkoba pamoja na soli, na nikasema, "Inatokea, mwanangu. Pengine hukubana sawasawa. Unyevu."

Siku nane nilikaa na maneno hayo. Shuleni wakamwita Hadija Injinia Kachumbari. Jumanne hakuja stoo. Alhamisi hakuja. Wenzake wakasema amesema hana mkono wa vitu hivi, atakaa asome uraia. Na mteremkoni niliona kwa macho yangu, nikipita barabarani, Bibi akishuka na tenga kichwani, anaweka mguu, anapumzika, anaweka mwingine.

Nikapanda gari nikaenda kwa Fundi Hoza. Kusema kweli nilikwenda ili aniambie kwamba hata ile soli ingeteleza. Nilimkuta anapiga randa mguu wa kitanda. Nikamsimulia yote. Hakusimamisha randa.

"Ubao wenye vanishi," akasema, "juu ya chuma kilicholowa."

"Ndiyo, fundi."

"Nilikufundisha mimi hiyo?"

"Hapana, fundi."

"Mwenye breki anajua?"

"Hajui."

Akapuliza maranda, akakagua ukingo kwa dole gumba. "Basi mimi unaniambia ili iweje? Mimi si mwenye breki. Nenda, gari la mwisho lisikuache."

Nilifika kwao Hadija jioni, jua likiwa bado juu ya ukingo wa mlima. Bibi alikuwa anachambua maharage uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Hadija! Mwalimu wako huyu."

Hadija akatoka, akasimama mlangoni. Nikaitoa soli mkobani nikaiweka juu ya mkeka, na kando yake kile kipande cha mvule. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema na kuyakariri ndani ya gari. Yote yalinitoka. Nikasema tu, "Breki yako niliing'oa Ijumaa nikaweka hii ya kwangu. Ulibana. Ya kwangu ndiyo iliyoteleza."

Bibi aliokota soli akaigeuza. Akamuuliza mjukuu wake jambo kwa Kishambaa, Hadija akajibu kwa sauti ndogo. Ndipo Bibi akanigeukia.

"Hii ni ya marehemu babu yao. Alishuka nayo mlima huu masika na kiangazi, hakuwahi kuteleza hata siku moja. Mtoto akaona hivyo, akasema hii ndiyo itashika." Akakigusa kile cha mvule kwa kidole kimoja. "Na hii uliitoa wapi? Kwenye kabati?"

Nikasema ilikuwa inapendeza.

"Inapendeza," Bibi akakubali. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua kama analia au anacheka, alikuwa anacheka mpaka maharage yanamwagika.

Hadija hakucheka. "Siku nane," akasema. "Siku nane nalala nawaza nilibana vipi. Nashika mguu wa kitanda nabana, naachia, nabana. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na daraja la kidato cha kwanza? Lile lililonyooka lenyewe?"

"Ni mimi."

"Na ule mzani tuliotengeneza mwaka jana?"

"Ni mimi, Hadija. Vyote."

Akaitazama soli, akakitazama na kipande cha mvule. Ningeweza kuongeza maneno mengi, naujua udhaifu wangu, lakini sikuongeza. Mwishoni akasema, "Darasani utasema mwenyewe."

Nikasema darasani, Jumanne, nimesimama mbele ya watoto ishirini na sita, kiganja kimoja kina soli na kingine kina mvule. Walinitazama kama watu wanaomwona mwizi wa kuku anafanana na shangazi yao. Kisha Shabani, Mungu ambariki, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Kwa hiyo Anti, lile jina sasa ni lako?"

Nikachukua jina. Niliitwa Anti Kachumbari hadi siku ya kuniaga, na nadhani mkuu wa shule alilazimika kujizuia asiliseme kwenye hotuba.

Hadija alirudi Alhamisi na sharti moja. Siku ya jaribio la pili mimi nisikae juu penye breki. Nikae chini barabarani, na zana zangu zote zibaki stoo. Soli wakaipigilia wenyewe. Sikuingia. Nilisikia nyundo nikiwa nje, nikahesabu misumari, nikajua mmoja umepinda, na nikajikalia.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu kuliko ile ya kwanza. Mtu mmoja alishauri tungoje jua, Hadija akakataa, akasema nyanya haziivi siku za jua peke yake. Nikasimama mbali na nguzo, peke yangu, mikono mitupu, nisione lolote ila waya zinazopanda na kupotea. Juu nikasikia "Achia!" Nikafumba macho.

Nikasikia soli inalia. Mlio mbaya, wa mpira kwenye chuma, kama ndama aliyeachwa zizini. Haukukatika. Nikafumbua macho, na tenga likatokea kwenye ukungu, limeinama upande, limefungwa kwa mafundo ambayo kila moja lilinikera, likija taratibu, taratibu, likanifikia usawa wa kiuno. Likasimama. Mlio ukakoma.

Lilibaki kama mkono mmoja kufika chini.

"Limegota!" nikapiga kelele. "Bado mkono mmoja!"

"Tenga tupu limefika kwenye rimu!" sauti ya mmoja wao ikajibu. "Kamba imekwisha!"

Nilijua ni nini. Katani ikilowa inajikunja, inafupika, na siku ya jua walikuwa wameipima ikiwa kavu. Ningenyoosha mikono tu nikalikumbatia tenga, nikafungua kifundo, nikaliweka chini. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nikapiga hatua moja.

"Anti!" Ilikuwa sauti ya Hadija, kutoka ndani ya ukungu, hawezi kuniona wala mimi simwoni. "Usiguse!"

Nikarudisha mguu. Nikaweka mikono nyuma. Juu wakaanza kubishana: kamba ilikuwa inatosha, haikutosha, nani aliipima, iguse, imelowa, kwani ikilowa inakuwaje, si inafupika, kama kamba ya ng'ombe wa kwetu inavyofupika masika. Shabani alikuwa analalamika kwamba mikono yake inakufa ganzi kwenye mpini, na Hadija anamwambia abane. Nyanya za Bibi zikaning'inia mbele yangu, nazinusa, na ile soli haikuziachia hata unywele. Walichukua muda mrefu sana. Nikawasikia wakilifungua tenga tupu, wakiifunga kamba upya kwenye ncha yake kabisa. Kisha mlio ukaanza tena, mfupi, na tenga likashuka ule mkono mmoja, likakaa juu ya majani bila kutikisa nyanya hata moja.

Bibi aliwasili baada ya mzigo wake. Alitoka kwenye ukungu na fimbo tu mkononi, anapiga hatua kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akainama, akahesabu nyanya za juu kwa macho, akatazama na tenga lilivyokaa kombo.

"Mbona hujaninyooshea?" akaniuliza.

"Nimekatazwa, Bibi."

"Ahaa," akasema, akaketi juu ya jiwe kando yangu, akanyoosha miguu. "Basi tuwasubiri wenyewe."